NANI MWENYE HAKI YA KUSAMEHE?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili dogo, ambalo nakala yake moja husomwa barazani na watu kumi. Mimi ni mwanachama kama nyinyi, ila riziki imeniweka mbali na visiwa. Nakala huletewa huku bara na jamaa wanaokuja na mizigo, na katika moja ya hizo nimesoma kauli ya ndugu yetu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa namheshimu, asemaye kwamba baada ya vita au fujo kubwa hapana njia ya watu kukaa pamoja ila kunyamaza. Kwamba anayeuliza nani aliua ni mfukuzi wa makaburi. Na kwamba wazee wetu walikwisha kata shauri waliposema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Nasema kwa adabu, lakini nasema wazi: kauli hiyo ni batili. Sisemi hivi kwa kusoma vitabu vingi. Elimu yangu ni ya chuo cha Qur'ani na ya mizani ya duka. Lakini nimekaa miaka kumi na sita mahali ambapo matokeo ya kauli hiyo hupita mbele ya mlango wangu kila siku.

Mahali hapo ni Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Asiyepajua namwambia kuwa ni njia panda. Barabara moja yaja kutoka Kahama. Ya pili yaelekea Lusahunga na kuendelea Ngara hata mipaka ya Rusumo na Kabanga. Ya tatu yateremka Kakonko na Kibondo hata Kigoma. Lori za Rwanda, za Burundi na za Kongo hupita hapa, na madereva husimama kula na kununua. Kwa hivyo mwenye duka wa Nyakanazi hauzi unga na sabuni tu. Husikia khabari za vita vya nchi tatu bila ya kuondoka kwenye kiti chake.

Yuko bibi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliyeletwa upande huu akiwa mtoto katika vita vya Burundi, akalelewa katika kambi ya wakimbizi ya Ngara, kisha akaolewa hapa. Kabila lake sikumwuliza, wala nyinyi msiniulize. Siku moja liliegesha lori, akashuka mtu mzima mwenye mvi, akanunua maji na biskuti, akanisalimu vizuri, akalipa, akaondoka. Nilipogeuka nikamwona yule bibi kasimama nyuma ya magunia ya mchele, kajifunika kanga usoni. Akaniambia kwa sauti ndogo: "Yule ndiye aliyeshika tochi usiku waliomchukua baba."

Nami, nakiri kosa langu mbele yenu, nikamjibu kwa methali ile ile ya ndugu yetu. Nikamwambia, "Bibi, samehe. Yaliyopita si ndwele."

Akaniangalia kitambo, kisha akanionyesha daftari la madeni lililokuwa juu ya meza. Akasema, "Bwana, humu mna deni langu la sabuni na chumvi. Je, jirani yako wa duka la pili aweza kuja akalifuta?"

Nikasema, "Hawezi. Deni ni langu."

Akasema, "Basi na la baba yangu ni langu. Wewe walifutaje?"

Ndugu wasomaji, sikuwa na jawabu, na hata leo sina. Makala haya yote ni sherehe ya maneno ya bibi yule. Msamaha ni jambo tukufu, hapana mwenye kulikataa. Lakini msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa. Waziri hana wa kutoa kwa ajili ya mjane, wala jemadari hana wa kutoa kwa ajili ya yatima. Sote tuliofunzwa chuoni twajua kwamba haki ya damu imewekwa mkononi mwa warithi wa aliyeuawa. Wao ndio wanaopewa khiari ya kudai au kusamehe, na wanahimizwa kusamehe. Lakini mhimizwa ni wao, si mwingine kwa niaba yao.

Sasa natazama yaliyotokea katika nchi hizi, ili tuone kunyamaza kumezaa nini.

Mwisho wa mwezi wa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Chini ya daraja hilo, maji ya mto Akagera yalikuwa yakichukua maiti kuelekea ziwa la Viktoria. Ikajengwa kambi ya Benaco. Wakapewa mahindi na maji na mahema, na ilikuwa wajibu kuwapa, kwani wengi wao walikuwa wanawake na watoto wasio na kosa. Lakini waliogawiwa mahindi hayo walikuwamo na wauaji, tena wakiwa bado na vyeo vyao na sauti zao. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, alipotaka kuondolewa kambini Jean-Baptiste Gatete, mmoja wa wakubwa waliotuhumiwa, maelfu ya watu walifanya fujo hata watumishi wa misaada wakakhofia roho zao. Hii ndiyo amani ya kunyamaza! Mwenye panga na mwenye kovu katika safu moja ya chakula, na mwenye panga ndiye msimamizi wa safu.

Mwezi wa Disemba 1996 Serkali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote, karibu nusu milioni, warejee kwao kabla ya kwisha mwaka. Wengine walikimbilia ndani ya nchi, askari wakawageuza. Hivyo mzigo ukahamishwa kutoka ng'ambo moja ya mto kwenda ng'ambo ya pili. Aliyekuwa na haki ya kuogopa na aliyekuwa na sababu ya kujificha wakasukumwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na aliyekaa kuwapambanua.

Atasema ndugu yetu: mbona palikuwa na mahakama? Naam, ilikuwapo. Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya Rwanda mwezi wa Novemba 1994, ikakaa Arusha hata mwisho wa mwaka 2015. Iliwatia hatiani watu zaidi ya 60. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Rusumo wakati watu walipochinjwa katika kanisa la Nyarubuye, alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi ya Mukugwa, mkoa wa Kigoma, akahukumiwa miaka 30 mwaka 2004, na rufani ya mwaka 2006 ikamwongezea hata kifungo cha maisha. Gatete naye alikamatwa Kongo mwaka 2002, na hukumu yake ya mwisho ikawa miaka 40. Je, nchi iliteketea kwa sababu Gacumbitsi alishikwa? Haikuteketea. Khofu yote ile ya kwamba mkubwa akiguswa watu watachinjana ilikuwa khofu ya mkubwa mwenyewe, aliyoivisha nguo ya wananchi.

Khalafu tuitazame Burundi, kwani huko ndiko kauli ya ndugu yetu ilikopewa nafasi ya kujaribiwa.

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na vita vilivyofuata vilikula watu wapatao 300,000. Na kabla ya hapo palikuwa na mauaji ya mwaka 1972, ambayo Serkali za baadaye zilikataza hata kuyataja. Angalieni vizuri: mwaka 1972 palinyamazwa. Hapana aliyehukumiwa, hapana kaburi lililowekwa alama. Ikaitwa amani. Watoto wa waliouawa wakakua katika makambi na makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na baadhi yao wakarudi na bunduki. Basi yaliyopita hayakuwa ndwele? Yalikuwa ndwele iliyojificha, na mganga alifukuzwa kwa kuambiwa kuwa mgonjwa kalala usingizi mzuri.

Mwalimu Nyerere alianza kuwasuluhisha Arusha mwaka 1998, akafa mwaka 1999 kazi haijesha, ikapokewa na Nelson Mandela, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini. Mkataba ule haukusahau haki. Uliandika mambo matatu: tume ya kimataifa ya kuchunguza makosa makubwa, tume ya ukweli na maridhiano, na mahakama ya kimataifa ikiwa uchunguzi utathibitisha mauaji ya kimbari au makosa ya vita. Wino ulikuwa mzuri. Lakini makundi mawili makubwa yenye bunduki, CNDD-FDD na FNL, hayakutia saini, na ili yashuke kutoka msituni ilibidi yapewe kitu. Kitu hicho kilikuwa kinga. Mwaka 2003 sheria na maafikiano yakawapa kinga ya muda viongozi na wapiganaji wa pande zote.

Hapa nataka kuwa mwadilifu, kwani mwenye kupima kwa mizani ya uwongo hana haki ya kulaumu. Sisemi kwamba kinga ile ilikuwa haramu tangu mwanzo. Mtu aliyeshika bunduki hawezi kuambiwa, "Weka silaha chini, kamba yako ya kunyongwa iko tayari." Asingeiweka. Na kila siku ya vita ni makaburi mapya. Mama aliye katika moto hataki kwanza hukumu; ataka kwanza risasi zinyamaze. Kama ningekuwa mimi nimekaa pale mezani, labda nami ningetia saini, huku mkono ukitetemeka.

Lakini kinga ile iliitwa ya muda! Nami nauliza kama mwenye duka: muda gani? Mteja akiniambia "nikopeshe kwa muda" nikamwandika, mwaka ukipita nitamwuliza, na miaka miwili ikipita nitamwita mdeni mbaya. Miaka zaidi ya ishirini imepita tangu 2003. Tarehe 13 Agosti 2004, wakati mazungumzo na kinga zikiendelea, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge waliokimbia Kongo, waliuawa usiku kambini Gatumba, karibu na Bujumbura. FNL ilijitokeza ikakiri. Hapana aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mahakama iliyoandikwa Arusha haikuwahi kuundwa. Wananchi wa Burundi waliulizwa rai yao mwaka 2009. Sheria ya tume ya ukweli ikaja mwaka 2014, miaka 14 baada ya saini, na ndani ya sheria hiyo mahakama ilikuwa imetoweka kama chumvi katika maji.

Na mwaka uliofuata, 2015, fujo zikarudi kwa sababu ya Rais Nkurunziza kutaka muhula wa tatu, na watu wapatao 400,000 wakaihama nchi, zaidi ya nusu yao wakaja Tanzania, katika makambi ya Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Wako waliokimbia mara yao ya tatu. Mwaka 1972 walibebwa mgongoni, mwaka 1993 waliwabeba watoto, mwaka 2015 wakashikwa mkono na wajukuu. Nendeni mkawaambie hao kwamba yaliyopita si ndwele!

Tume ile ya ukweli ilifanya kazi, nami siidharau. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilifukua makaburi katika mkoa wa Karuzi, karibu na mto Ruvubu, ikatoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000 waliozikwa mwaka 1972, pamoja na vipande vya nguo, miwani na rozari ambavyo baadhi ya jamaa waliwatambulia watu wao. Hilo ni jambo kubwa. Mtu aliyengoja karibu miaka 50 kujua baba yake kalala wapi amepata sehemu ya haki yake. Lakini wako Warundi wengi walioona kwamba makaburi ya mwaka 1972 yanafukuliwa kwa haraka, na ya mwaka 1993, wakati watu wa kabila jingine walipouawa vijijini, yanaendewa polepole. Ukweli wa upande mmoja ni silaha mpya iliyofunikwa kitambaa cheupe. Tume inayohisabu maiti za jamaa zake tu haifungi daftari. Yaongeza ukurasa wa deni.

Sasa nageukia upande wa pili, ili msidhani namchukia ndugu yetu peke yake. Wako watu, khasa wakaao mbali na moto, wasemao haki itendeke kwanza, kwa kila mtu, leo leo, hata nchi ikianguka. Hao nao wanakosea. Rwanda ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watuhumiwa gerezani, na mahakama za kawaida zisingewamaliza kwa umri wa watu wawili. Ndipo wakafufua baraza za gacaca, za wanakijiji kukaa majanini na kuhukumu wenyewe, na mpaka zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimepitia kesi karibu milioni mbili. Wengi walikiri, wengi walijua walikozikwa watu wao. Lakini baraza hizo hazikuruhusiwa kusikiliza makosa ya jeshi lililoshinda. Basi haki ya mshindi nayo ina jicho moja. Wala si kweli kwamba kila kijana aliyebebeshwa bunduki kwa nguvu akiwa na miaka kumi na mitano apimwe kwa ratili moja na yule aliyetoa amri akiwa kakaa juu ya zulia.

Basi tunataka nini? Naandika kwa hisabu ili asiwepo wa kusema kwamba tunapiga kelele tu.

Kwanza, risasi zinyamaze, na kwa ajili ya hilo kinga yaweza kutolewa. Lakini iandikwe tarehe ya kwisha kwake, na isimfunike aliyeamrisha kuua wasio na silaha. Kinga isiyo na tarehe ni zawadi kwa muuaji, inayolipwa kwa mali ya maiti.

Pili, ukweli wa pande zote utafutwe mara moja, wakati mashahidi wako hai, na kila aliyekufa aandikwe kwa jina lake na aoneshwe kaburi lake. Hili halihitaji gereza wala kamba. Anayelikataa hili hana hoja ya amani, ana siri.

Tatu, mali na ardhi zirejeshwe au zilipwe. Mkimbizi arudiye akamkuta mwingine kalima shamba la baba yake, amani yake ni ya mpaka mvua za kupandia.

Nne, waliotoa amri wapelekwe mbele ya mahakama isiyo ya adui yao wala ya ndugu yao. Na waliotumwa wapewe njia ya kukiri, kufidia na kuomba radhi.

Tano, na hili ndilo kubwa, wenye msiba wawepo mezani. Mkataba ukitiwa saini na wenye bunduki peke yao, ni mapatano ya wafanya biashara wawili juu ya mali ya mtu wa tatu.

Ataniuliza mtu: na kama yule bibi wa Nyakanazi kakosea? Miaka thelathini ni mingi, usiku ulikuwa wa giza, na mvi hubadilisha sura. Swali zuri! Kwa hakika huenda kakosea. Huenda yule mzee wa lori ni mtu mwema asiyewahi kumdhuru hata kuku. Lakini leo atamtakasa nani? Kwa kuwa hapana mahakama, atabaki muuaji katika moyo wa bibi yule mpaka kufa kwake, na mtoto wa bibi atarithi uso ule. Mahakama haikuwekwa kwa ajili ya mlalamikaji tu. Imewekwa pia ili asiye na kosa arudishiwe jina lake. Palipo na kunyamaza, kila mtu wa kabila fulani ni mtuhumiwa. Palipo na hukumu, mtuhumiwa ni mtu mmoja kwa jina lake, na kabila zima linapumua.

Na sisi visiwani, Bwana Mhariri, tusijifanye watazamaji. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu wetu walipigwa risasi Unguja na Pemba, na zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Ikawa mara ya kwanza nchi hii iliyozoea kupokea wakimbizi kutoa wakimbizi wake. Tarehe 10 Oktoba mwaka ule mwafaka ukatiwa saini. Ikaundwa tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ikataja waliokufa kuwa 31. Wachunguzi wa nje wakataja zaidi. Aliyefyatua risasi hakupandishwa kizimbani. Tuliusifu mwafaka, nami niliusifu, kwani nilikuwa kijana mwenye jamaa Pemba na nilitaka walale usingizi. Lakini mwafaka ule ulipokauka wino, je, uliwazuia wengine kufyatua katika miaka iliyofuata? Jibuni wenyewe. Asiyelipa deni la kwanza hukopa la pili bila ya haya.

Kwa hivyo nawaambia wanachama wenzangu: viongozi wetu wakiitwa tena katika meza ya sulhu, na waende, atakayewazuia si mwema. Lakini wasiende mikono mitupu. Kila tawi lifungue daftari, na ndani yake liandike jina la aliyeuawa, siku, mahali, mashahidi waliopo, na warithi wake wanataka nini. Tusiandike kwa chuki wala kwa kuzidisha hata mmoja. Mwenye kuzidisha hisabu huharibu deni la kweli. Tena tuandike na wa upande wa pili waliodhuriwa na watu wetu, kama wapo, kwani dhulma haina kadi ya chama. Daftari hilo likiwekwa mezani, hapo ndipo tutakapojua anayetaka amani na anayetaka tusahau.

Yule bibi bado huja dukani. Deni lake la sabuni alilipa lote, senti kwa senti. La kwake halijalipwa, wala hapana aliyekuja kumwuliza kama analisamehe. Huenda angelisamehe. Aliniambia mwenyewe kwamba hataki mtu anyongwe. Ataka kuoneshwa baba yake yuko wapi.

Ni mimi ndugu yenu,
MWENYE DUKA,
Njia Panda, Nyakanazi.